Meza Uliyomwahidi Wafula

Mama Khisa,

Sikuulizi hali. Ungekuwepo ungeniambia hilo ni swali la mtu asiye na kazi ya kufanya.

Ni Jumapili mchana na niko kwa mama yangu, huku juu mlimani. Yeye bado hajarudi kutoka kanisani. Nimekaa mlangoni, karatasi juu ya magoti, na kila nikiinua macho naiona barabara inayoteremka kwenda Kitale, na mbali kabisa, upande wa kwenu Bungoma, mawingu. Kesho alfajiri nitaubeba mtungi wa maziwa wa mama na kushuka nao hadi kituo chetu cha kupokea maziwa. Kuna sababu, na ndiyo ninayotaka kukueleza. Lakini itanibidi nianzie nyuma. Naomba usinikatize, ingawa najua ungenikatiza.

Jirani yangu mmoja pale Tuwan, ninapopanga chumba, aliniuliza mbona bado nakulilia. "Si alikuwa tu bosi wako?" Ningemwambia nini? Kwamba nilikuja kwako na digrii ya mambo ya maziwa, nikiwa siwezi kumtazama mkulima hata mmoja machoni? Kwamba wewe ndiye uliyeniketisha mezani?

Unaikumbuka wiki yangu ya tatu. Ile meza ya simenti iliyo mlangoni, ambapo kila mkulima hutua mtungi wake. Anayekaa hapo hufungua kifuniko, akanusa, akachota maziwa kidogo na kuyachanganya na spiriti ndani ya kichupa. Yakibaki laini, yanaingia kwenye tangi la kupozea. Yakiganda, yamekataa, na mwenyewe anarudi nayo nyumbani. Sheria yako ya meza ilikuwa moja tu: anayekaa hapo ndiye mwenye neno la mwisho mpaka foleni iishe. Ulisema sheria hiyo haimjui meneja, haimjui mwenyekiti, na hata askofu akija na ng'ombe wake haimjui.

Asubuhi ile wa kwanza alikuwa Kogo Chesang, yule bibi wa kijiji cha jirani na kwetu. Maziwa yake yakaganda. Wa pili ulikuwa wewe mwenyewe, na mtungi wa ng'ombe wako, umepanga foleni kama kila mtu. Yakaganda. Nyuma yako Wafula, muosha tangi wetu, alikuwa ameacha kuosha. Mtu akasema kwenye foleni, "Leo ndio leo, bana! Arudishe ya bosi tuone."

Nikasema, nadhani ni wewe peke yako uliyenisikia, "Mama, imekataa."

Ulikitazama kichupa. Ukaitazama chupa ya spiriti. Ukanitazama mimi. "Kama imekataa, imekataa," ukasema, ukaubeba mtungi wako. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, ukageuka. "Lakini hiyo chupa iweke kando. Chukua ile ya jana, uendelee."

Foleni ilipokwisha uliniita nyuma ya tangi, tukiwa wawili tu. "Spiriti ya leo uliichanganya na maji kiasi gani?" Sikuwa nimeichanganya hata tone. Chupa mpya ilikuwa imefunguliwa, nami kwa woga nikaimimina kama ilivyo, na spiriti kali hivyo hugandisha hata maziwa mazuri. Nilitamani sakafu inimeze. Nikakuuliza kwa nini hukusema palepale.

"Ningesema, kesho nani angekuamini hapo mezani?" Ulikuwa ukifunga kitambaa chako kichwani, hata hukunitazama. "Yangu tutapikia chai, tunywe wote. Lakini ya yule mama mzee, hiyo utaenda kumwambia mwenyewe. Kwa miguu yako."

Nikaenda. Kogo alinisikiliza hadi mwisho, akanipa mursik, maziwa ya mgando ya kwetu, akasema nimekonda.

Hivyo ndivyo ulivyotulea, Mama. Na lile lako la Bokoli, nyumbani kwenu! Tulikuwa tukiingia ofisini na shida, jenereta imezima, lori la maziwa limechelewa, nawe umekaa hapo, miwani puani, unatutazama. "Mimi siko," unasema. "Nimeenda Bokoli. Sasa utafanyaje?" Tunajikanyaga, tunasema tungefanya hivi au vile. "Rabda," unasema, na sisi wa mlimani tunacheka ile labda yako iliyogeuka rabda, nawe unacheka kutushinda. "Enda ufanye hivyo." Hata pale ambapo wewe ungefanya kwa njia nyingine. Nilichukua miaka miwili kugundua kwamba mara nyingi ungefanya kwa njia nyingine.

Kisha koo lako likaanza kukataa chakula. Mwishowe ni maziwa tu yaliyokuwa yakipita. Wafula ndiye aliyekuwa akichagua ya kukuletea. Hakuruhusu mtu mwingine. Wewe ndiye uliyeigundua pua yake. Miaka yote hiyo aliyoosha tangi, mtu wa Webuye aliyeishia darasa la nane, hakuna aliyeona kwamba ananusa maziwa yanayoelekea kuharibika kabla ya kipimo kusema. Uliona wewe. Ulianza kumfundisha mezani saa za alasiri, hatua moja kila wiki, na ukamwambia mwaka mpya ukiingia, meza itakuwa yake.

Mwaka mpya haukukukuta.

Nikuambie jambo ambalo hukuliona, kwa sababu lilifanyika baada yako. Siku ya tatu baada ya kukuzika Bokoli, tulikaa uwanjani kwenu kwa ajili ya kunyoa nywele, lubeko yenu. Mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona desturi hiyo. Mzee wa ukoo alisimama akauliza kama kuna mtu mwenye neno na marehemu, aliseme hapo mbele ya watu, lisibaki likizunguka boma. Wengine walisema ya shamba, wengine ya ndama. Kisha Wafula akasimama, kofia mkononi.

"Mimi sidai kitu," akasema. "Lakini Mama aliniambia nitakaa mezani. Hiyo neno isizikwe naye."

Mzee akauliza, "Nani amebaki mahali pake huko kazini?" Watu wakageuka. Nikasimama. Nikasema nimesikia, na nitalitimiza. Mzee akasema limesikika. Kwenu, nimeambiwa, neno lililosikika siku hiyo halirudi nyuma.

Mama, sikulitimiza.

Miezi saba nimekaa kwenye meza hiyo mimi mwenyewe. Nilikuja wa kwanza, nikaondoka wa mwisho. Kabati la spiriti nililifunga, ufunguo nikautia kwenye kamba shingoni. Wafula alipouliza nilimwambia ngoja kamati ikae, ngoja mvua ipungue, ngoja nizoee kwanza. Alisema sawa, akarudi kuosha tangi. Nilijiambia ninalinda kituo. Nimesoma vya kutosha kujua jinsi mtu anavyojidanganya kwa maneno mazuri. Ukweli ni mbaya zaidi na ni mdogo zaidi. Niliogopa kwamba Wafula akikaa pale na kazi ikaenda, watu wataniuliza mimi ni wa nini. Na kuna kingine. Meza ile ndipo uliponifanya mtu. Niliona nikiondoka pale, nimekuondoa wewe.

Sasa sikia lililotokea.

Wiki mbili zilizopita tuliitwa Bungoma, mameneja wa vituo, kwa warsha ya uongozi. Sikuwa na jinsi ila kumwachia Wafula meza kwa siku moja. Nilimchanganyia spiriti mwenyewe, nikafunga kabati, nikamwambia, "Ukiona shida yoyote, nipigie." Fikiria, Mama. Wewe ulikuwa ukikaa mbele yetu ukisema hauko. Mimi nilikuwa kaunti nyingine na bado nilitaka kuwa pale.

Mwezeshaji alikuwa akiandika ukutani kwamba ukimpa mtu kazi bila kumpa uamuzi wake, umempa mzigo tu. Nilikuwa nikilinakili hilo kwa mwandiko mzuri simu ilipolia. Alikuwa Mwenyekiti wa kamati ya kituo. Maziwa yake yalikuwa yamekataa, na alikuwa amesimama mezani na simu iko kwenye spika.

"Madam, huyu kijana wako wa kuosha tangi ati ananifundisha maziwa. Mwambie."

Nikamsikia Wafula kwa mbali, mpole kabisa, "Imeganda, mzee. Na hata harufu iko."

Nilikuwa nimesimama kwenye veranda ya ukumbi, watu wananipita na sahani za chakula. Sikumuuliza Wafula hata swali moja. Nikasema, "Wafula, pokea hiyo maziwa. Nitaangalia nikirudi."

Akajibu, "Sawa, madam."

Siku zote ameniita Chemu, kama wewe.

Lori lilipofika saa nane, dereva alipima tangi na kukataa kupakia. Tangi zima, Mama. Maziwa ya foleni yote. Watu waliokuwa wameamka saa kumi alfajiri kukamua walikuja na ndoo kuchukua ya nguruwe, na mengine yakaenda mtaroni. Nilirudi jioni nikakuta Wafula anasugua tangi tupu. Nilingoja aniseme. Aliuliza tu kama nimekula.

Kamati ikakaa. Nani alikuwa mezani? Karatasi ya mapokezi ilikuwa na sahihi ya Wafula. Mwenyekiti akasema, "Aliyeweka sahihi ndiye aliyepokea," na wanakamati wakatazama meza. Nami, Mama Khisa, nilikuwa nimekaa kwenye kiti chako, na nikatazama meza pia. Katibu akachapa barua ya kumfukuza kazi, ikawekwa mbele yangu nitie sahihi kabla ya wiki kwisha.

Siku nne ilikaa kwenye droo. Sikuitia sahihi, wala sikuichana. Kila asubuhi Wafula alinisalimia. Alijua iko humo. Kituo chetu ni kidogo, kila mtu alijua. Angeweza kupiga kelele kwamba ni mimi niliyesema pokea. Hakusema. Nafikiri alikuwa akinipa muda wa kusema mwenyewe, vile ulivyokuwa ukitufanyia, na nilimchukia kidogo kwa hilo. Nakuambia wewe kwa sababu siwezi kumwambia mwingine.

Ijumaa, Kogo Chesang akatua mtungi wake mbele yangu. Nikaupima, ukaingia. Hakuondoka. Foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika, "Kogo, songa, si tuko na kazi?" Hakusonga.

"Siku ile nilikuwa hapa," akasema. "Nilisikia sauti yako kwa simu."

Nikaanza kukisuuza kichupa.

"Ulipokosa ukiwa mtoto, ulikuja kwangu kwa miguu. Sasa umekuwa mkubwa, huwezi kutembea?"

Akachukua mtungi wake mtupu akaenda zake. Nilipima maziwa ya watu waliobaki bila kuona vizuri.

Jana, Jumamosi, kabla ya kufungua mtungi wa kwanza, nilisimama mbele ya foleni. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakapotea yote. Nikasema sauti waliyoisikia ilikuwa yangu. Wafula alikuwa amekataa maziwa yale na alikuwa sahihi. Mimi, niliyekuwa Bungoma, nisiyeona wala kunusa, ndiye niliyemwamuru ayapokee. Nikasema kama kuna mtu wa kuandikiwa barua ni mimi. Nikaitoa ile barua mfukoni, haina sahihi, nikamrudishia Mwenyekiti, ambaye alikuwa wa tano kwenye foleni.

"Madam," akasema kwa sauti ya chini, "mambo ya ofisi si ya foleni."

"Ya foleni ndiyo haya, mzee," mtu akajibu kutoka nyuma. "Yangu ilinywewa na nguruwe." Watu wakacheka, si kicheko cha furaha, lakini kilitosha kunishikilia nisianguke.

Jumanne kamati itakaa tena, na safari hii ni juu yangu. Sijui kama nitabaki. Nimeogopa usiku na mchana, sikufichi. Lakini nilipomaliza kusema nilihisi kitu ambacho sikuwa nimekihisi tangu tukuzike: kwamba naweza kukufikiria bila kuinamisha macho.

Foleni ilipokwisha nikavua ufunguo shingoni nikampa Wafula. Hakuupokea mara moja.

"Kuna kitu kimoja sijui," akasema. "Mama alinionyesha mpaka hapo kwa kuchanganya spiriti. Hapo ndipo aliugua."

Miezi saba, Mama! Alibakiza hatua moja tu, nami nilikuwa nimeifungia kabatini.

Nikamwonyesha. Nilimwonyesha mara moja, kisha nikakaa juu ya mikono yangu, kweli kabisa, nikaikalia, ili nisimnyang'anye kipimo. Alimwaga kidogo mezani. Alizidisha maji, akamwaga yote, akaanza upya. Mara tatu nilifungua mdomo na mara tatu nikaufunga. Sikuwa najua kwamba kukaa kimya kunachosha mwili hivi. Ulituonyesha uso wa mtu aliyetulia, na mimi nikaamini umetulia. Sasa najua ulikuwa unajizuia.

Alipomaliza akauliza, "Na siku nyingine ukinipigia simu?"

"Sitapiga."

"Ukipiga?"

"Usishike."

"Nitasema madam ameenda Bokoli," akasema. Tukacheka, kisha hatukucheka tena, kwa sababu sote wawili tuliona kiti chako.

Nikamwomba msamaha. Si kwa lile la simu tu. Kwa neno la uwanjani kwenu, lililosikika na watu nikalikalia. Alivaa kofia yake. "Nilijua utafika," akasema. "Nilikuwa sijui tu ni lini." Halafu akaniambia kwamba yule kibarua mpya anayemsaidia kuosha tangi, mama mmoja kutoka huko Tuwan, yeye Wafula ameanza kumtazama ana mkono wa nini. Hata hajakaa mezani siku moja, tayari anatafuta wa kumfundisha. Nikatoka nje nikalia kwa furaha nyuma ya tangi, palepale uliponiuliza habari za spiriti.

Sasa mama anarudi, naisikia sauti yake kwenye kona akiaga wenzake. Nitamsaidia kukamua jioni, na kesho alfajiri tena. Kisha nitashuka na mtungi. Najua ningeweza kupitia mlango wa ofisi. Sitapitia huko. Nitapanga foleni, nyuma ya yeyote nitakayemkuta, na zamu yangu ikifika nitautua mtungi wa mama yangu mbele ya Wafula, watu wote wakiona. Akisema imeingia, nitashukuru. Akisema imekataa, nitasema kama imekataa, imekataa, na nitaubeba. Nikiwa na la kumuuliza kuhusu chupa, nitamuuliza foleni ikiisha, nyuma ya tangi, tukiwa wawili.

Hiyo ndiyo ahadi yangu, na naiandika ili isikike kama ile ya kwenu. Jumanne wakinitoa, watanitoa meza ikiwa na mwenyewe. Wakiniacha, wa kumfuata Wafula nitamwona mapema kuliko nilivyomwona yeye.

Pumzika, Mama Khisa. Mvua zikipungua nitakuja Bokoli kukusafishia kaburi, na safari hii nitakuja na Wafula. Meza itakuwa na mtu mwingine siku hiyo, wala hatutabeba simu. Sina swali la kukuuliza leo. Nimefanya nilivyoona. Rabda wewe ungefanya kwa njia nyingine.

Mimi wako,
Chemu